Namna ya Kumfikishia Mbunge Shauri la Mwanajeshi Mstaafu na Familia Yake: Mwongozo kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wapo wazee wengi waliolitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, ambao leo wanaishi kwa kulima mahindi, viazi au ndizi huku wakifuatilia haki zao kwa barua zisizojibiwa. Wapo walioandikishwa katika miaka ya mwanzo, baada ya jeshi hilo kuundwa tarehe 1 Septemba 1964. Wapo waliotoka kwenye mgambo na Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwenda vitani majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978. Zipo pia familia changa zaidi, za askari waliokwenda kulinda amani Kongo, ambako mwezi Desemba 2017 askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja huko Semuliki, karibu na Beni. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, pamoja na wajane na watoto wao, na unaeleza namna ya kumkabidhi mbunge shauri lililoandaliwa vizuri, ili asipate sababu ya kuliweka kando.

Mbunge anaweza nini, na nini hawezi

Wengi hufika ofisi ya mbunge wakiamini kwamba akipiga simu moja fedha zitaingia benki. Imani hiyo inawaumiza wazee, kwa sababu wanapoteza muda mrefu wakisubiri jambo ambalo mbunge hana mamlaka nalo. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inaliwezesha kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Nguvu ya mbunge iko hapo, nayo si ndogo.

Mipaka yake nayo iko wazi. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia muswada au hoja ya kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina bila pendekezo la Rais lililowasilishwa na Waziri. Kwa hiyo mbunge anayeahidi jukwaani kwamba atapandisha pensheni ya wanajeshi kwa muswada wake binafsi anaahidi lisilo katika uwezo wake. Anachoweza ni kuibana Serikali ieleze kwa nini haijapandisha, na kuishawishi ilete pendekezo hilo yenyewe. Ibara ya 107B inalinda uhuru wa mahakama, hivyo shauri la mirathi au talaka lililokwisha kufunguliwa haliwezi kumalizwa na mbunge. Hampangii Mkuu wa Majeshi nani apandishwe cheo au ahamishwe kikosi, na Amiri Jeshi Mkuu ni Rais. Usimwombe akulipie madai yako kutoka Mfuko wa Jimbo pia, kwa kuwa fedha hizo ni za miradi ya jamii.

Andaa jalada kabla ya kumwona

Mashauri mengi hufia hapa, na inauma zaidi kwa sababu mengi kati ya hayo ni ya haki kabisa. Mbunge akipokea maneno matupu, kwamba baba alipigana Uganda na hajalipwa, hana cha kumwuliza Waziri, na Waziri akiulizwa hana pa kuanzia kutafuta.

Anza kwa kuthibitisha mzee alitumikia chini ya chombo gani. Askari wa kudumu wa JWTZ, kijana wa JKT na mgambo aliyeitwa wakati wa vita hawana stahili zinazofanana, hata kama walilala kwenye handaki moja, na kuwachanganya katika barua moja huipa wizara nafasi ya kujibu kuhusu kundi moja na kuyaacha mengine. Ikiwa mzee alikuwa polisi au magereza, Waziri anayehusika ni wa Mambo ya Ndani ya Nchi, wala si wa Ulinzi. Jambo jingine linalowapotosha watu ni pensheni yenyewe: mwanajeshi mstaafu hayumo katika PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma ulioundwa mwaka 2018, bali pensheni yake hulipwa na Hazina, chini ya Wizara ya Fedha, wakati kumbukumbu za utumishi wake ziko jeshini. Hii ina maana kwamba shauri linaweza kukwama katika wizara mbili tofauti, na kila moja ikaielekezea nyenzake. Fuatilia kwanza Hazina Ndogo ya mkoa, ujue kama jalada limefika huko au halijatoka jeshini. Jibu hilo moja litambainishia mbunge Waziri wa kumwuliza.

Kisha kusanya nyaraka. Zinazohitajika zaidi ni namba ya jeshi, cheo cha mwisho, kikosi, tarehe ya kuandikishwa na ya kuondoka, pamoja na hati ya kuondoka jeshini. Kama hati imepotea au imeungua na nyumba, pata taarifa ya upotevu kutoka polisi. Kama majina hayalingani, jambo linalotokea sana kwetu ambako jina la ukoo linaloanza na Mwa- huweza kuandikwa bila herufi hizo, au jina la ubatizo likatumika mahali pa la nyumbani, apa kiapo mbele ya hakimu au wakili kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Usisubiri mpaka ofisi ikurudishe kutoka Dodoma kwa sababu ya herufi tatu.

Mjane ana kazi ya ziada. Atahitaji cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao cha ukoo na uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Ambaye aliolewa kimila na hakupewa cheti asikate tamaa: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaruhusu kudhaniwa kuwa wanandoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambuliwa hivyo na jamii, ila dhana hiyo inaweza kupingwa, na ni mahakama inayoamua. Ushahidi wa mwenyekiti wa kijiji, wa kanisa au msikiti, na wa majirani wa muda mrefu una uzito, nao ukusanywe mapema wakati mashahidi bado wako hai.

Kabla ya kwenda kwa mbunge, pitia kwa Mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya yako. Huyu ndiye ofisa wa jeshi aliye karibu zaidi na raia wa kawaida, naye anajua barua ielekezwe idara ipi. Wasiliana pia na Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA, kwa sababu shauri lako huenda si la kwako peke yako. Ukiona ofisi ya umma inakaa kimya, andika ombi rasmi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayomtaka mwenye taarifa kujibu ndani ya siku 30. Ombi hilo likipuuzwa, kupuuzwa kwenyewe ni ushahidi mzuri wa kumkabidhi mbunge.

Barua kwa mbunge

Barua isizidi ukurasa mmoja. Ielekeze kwa Mheshimiwa Mbunge wa jimbo, iwe na kichwa cha YAH: kinachotaja jambo lenyewe, kwa mfano kuchelewa kwa pensheni ya marehemu fulani mwenye namba ya jeshi fulani. Aya ya kwanza imtambulishe mwandishi na kata anayoishi. Ya pili ieleze utumishi kwa tarehe. Ya tatu itaje ofisi zilizokwisha kufuatwa, tarehe na majibu yake, na ya mwisho itamke waziwazi kinachoombwa: mbunge amwandikie Waziri, aulize swali bungeni, au akutanishe familia na ofisi husika. Ambatisha nakala tu. Nyaraka halisi zibaki nyumbani. Barua ipokelewe kwa muhuri na tarehe katika ofisi ya jimbo, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri huo. Kumshika mbunge mkono msibani au baada ya ibada ni jambo jema la kujuana, lakini shauri linalosemwa pale husahaulika gari linapoondoka.

Kutoka kwa mzee mmoja hadi swali la Bunge

Shauri la mtu mmoja linafaa kumalizwa kwa barua ya mbunge kwa Waziri. Bungeni swali huhitaji jambo linalowagusa wengi, kwa hiyo kazi ya thamani kubwa kuliko zote ni kuwatafuta wenzako. Wastaafu wa Uyole, Mbalizi, Tukuyu, Makambako na Mafinga wakikaa pamoja wakagundua kwamba wote walistaafu katika kipindi kimoja na wote wamekwama kwa sababu ya kumbukumbu kukosekana, hapo limezaliwa swali la msingi. Mwandalieni mbunge swali lisilo na lawama na lisilojibika kwa ndiyo au hapana: ni lini Serikali itakamilisha uhakiki wa kumbukumbu za wanajeshi waliostaafu katika kipindi hicho, na ni utaratibu gani umewekwa kwa wale walio mbali na makao makuu ya mikoa. Swali huwasilishwa kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge kabla ya mkutano, ili wizara iandae jibu.

Jibu la kwanza mara nyingi huwa la jumla. Mbunge mwenye swali huruhusiwa kuuliza maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo mwenye taarifa sahihi humshinda mwenye sauti kubwa. Mpeni mbunge wenu maswali hayo mawili mapema, yakiwa na mfano halisi kutoka jimboni, kwa idhini ya mhusika. Jambo likiwa la kisera na si la utekelezaji tu, anaweza kulipeleka kwa Waziri Mkuu katika kipindi cha maswali ya papo kwa papo siku ya Alhamisi.

Njia nyingine ni bajeti. Mkutano wa Bunge wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, kwa sababu mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Wakati makadirio ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa yanapojadiliwa, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuzuia mshahara huo usipitishwe, mpaka apewe ufafanuzi, na ahadi inayotolewa katika hali hiyo huwa nzito. Lakini kabla ya hotuba ya Waziri, makadirio hayo hupitiwa na kamati ya Bunge inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama. Mjue mjumbe wa kamati hiyo anayetoka mikoa yetu, hata kama si mbunge wako, kwa kuwa kamati hupata nafasi ya kuhoji kwa kina kuliko ukumbi mzima.

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini kalenda hii ina ugumu wake. Maandalizi ya bajeti huangukia kipindi cha masika, ambapo barabara za vijijini kule Makete, Ludewa au Rungwe hupitika kwa shida. Ukingoja mvua ikatike, utakuta wabunge wamekwisha kuondoka kwenda Dodoma. Wakati mzuri wa kufikisha jalada ni kati ya mwishoni mwa Novemba na katikati ya Januari mbunge anapokuwa jimboni, ama katikati ya mwaka, baada ya bajeti kupita, ili lipate nafasi katika mikutano inayofuata.

Mambo ya usalama yanayohitaji tahadhari

Mikoa yetu inapakana na Zambia na Malawi, tuna vituo vya mpakani Tunduma na Kasumulu, na suala la mpaka katika Ziwa Nyasa bado linagusa maisha ya wavuvi wa Kyela na Ludewa. Mwananchi ana haki ya kumweleza mbunge kuhusu usumbufu mpakani, mgogoro wa ardhi kati ya kijiji na kambi, au fidia ya shamba lililotwaliwa. Asiandike kuhusu idadi ya askari, silaha, ramani ya kambi au mienendo ya vikosi, wala asipige picha za maeneo hayo ili kuthibitisha madai yake, kwa sababu Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haichukulii jambo hilo kwa wepesi. Mstaafu anayesimulia utumishi wake azingatie hilo pia: tarehe, kikosi na jeraha vinatosha.

Matunzo, afya na mambo ya nyumbani

Mke wa askari aliyetelekezwa na watoto aanze kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa watoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili. Kama kuna kipigo, aende Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku hiyohiyo. Kwa mbunge aende iwapo ofisi hizo zimeshindwa kutimiza wajibu wao, na hapo alalamikie utendaji wa ofisi, si ndoa yake. Wabunge wanawake wa viti maalumu wa mkoa wanafaa kufuatwa katika mambo haya, na mama mjane asihisi kwamba amemruka mbunge wa jimbo.

Kuhusu matibabu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza kuanzia miaka 60. Mzee mwenye jeraha la vita anayelipishwa katika kituo cha afya kwa kukosa kitambulisho ni suala la halmashauri, na mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Aliulize huko huko, bila kungoja Dodoma.

Baada ya jibu kutolewa

Tafuta Hansadi, yaani Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, katika tovuti ya Bunge, na uchapishe ukurasa wenye jibu la Waziri. Kama Waziri alitaja muda, mwandikie mbunge barua fupi siku muda huo unapokwisha, ukinukuu tarehe ya kikao na maneno ya jibu kama yalivyo. Jina la mbunge likibadilika baada ya uchaguzi, usidhani kwamba mpya ameyarithi mafaili ya aliyemtangulia. Mpelekee jalada kamili upya, Hansadi ikiwa juu na barua zilizogongwa mihuri zikifuata kwa mpangilio wa tarehe, ili aanzie pale wenzake walipoishia.