Kutu ya reli: kazi niliyoifanya kwenye Datsun 240Z iliyolala chini ya mwarobaini

Ukiletewa gari la zamani lenye kutu, usikimbilie grainda. Chukua bisibisi pana, nyundo ndogo na tochi, ulale chini yake.

Datsun 240Z ninayoizungumzia, gari dogo la michezo la Kijapani, ni ya mwaka 1972, na ililetwa uani kwetu Changamwe, Mombasa, ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa kijana wakati magari ya aina hiyo yaliposhinda Safari Rally, mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, kisha 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Alitaka lake lipakwe rangi ileile ya mashindano, bodi jekundu na boneti nyeusi. "Mwanangu, mimi nataka rangi tu," akaniambia. Nikamwomba nusu saa nilikague kwanza.

Gari hili halina chasisi ya peke yake kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Sakafu, maboksi marefu ya chini ya milango ambayo mafundi tunayaita sili, na reli mbili zinazotoka mbele kwenye injini na kupita chini ya sakafu, hivyo vyote vimeshikana kuwa kitu kimoja. Fenda ya mbele ikitoboka ni shida ya sura tu, maana imefungwa kwa bolti na unaweza kuitoa ukaiweka kando. Reli ikitoboka, gari likifunga breki kwa kasi linaweza kukunjika pale pale. Mweleze mteja tofauti hiyo mapema, kabla hamjazungumza pesa.

Kukagua hakuhitaji mashine. Anza chini ya sinia la betri, kwa kuwa asidi iliyodondoka miaka yote imepita hapo ikaangukia reli. Fuata reli hadi kwenye kile kikombe kinachoshika fimbo ya mkono wa chini wa tairi la mbele, halafu sakafu pande zote mbili, ncha za sili, kona ya nyuma ya mlango kabla ya tairi, panapofungwa mikanda ya viti, na sakafu ya nyuma chini ya buti. Gonga kila shubiri. Bati zima linalia kwa sauti kali; lililooza linajibu zito, kama umegonga mbao iliyoloa. Ukitilia shaka, sukuma bisibisi kwa uzito wa mkono. Na utembeze sumaku uliyoifunga kitambaa: isiponata, chini ya rangi kuna puti, ule udongo wa kujazia mashimo ya bodi.

Upande wa betri, karibu na kile kikombe, nilikuta lami nyeusi imepakwa vizuri, laini kabisa. Nikaikwangua. Chini yake puti, unene wa kidole. Chini ya puti kipande cha bati la kuezekea, mikunjo yake imepondwa kwa nyundo lakini bado inaonekana, kimeshikwa kwa riveti sita. Nilipoitoa riveti ya nne, reli yenyewe ikanimwagikia kifuani: maganda ya kahawia yaliyopangana kama kurasa za kitabu, na yalikuwa na unyevu. Hiyo ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, na mvua hatujaiona kwa wiki nyingi. Aliyekibandika kipande kile simjui, lakini mzee na mjukuu wake walikuwa wakilipanda gari hilo kwenda Malindi, na jambo hilo bado linaniuma.

Unyevu ule ndio ulionifanya niache reli nikatafute maji. Hii ni hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo sababu kutu hurudi baada ya mwaka. Nikafungua wavu ulio mbele ya kioo. Ndani, majani ya mwarobaini yalikuwa yameoza yakawa udongo, na matundu ya kutolea maji yote mawili yameziba. Gari lilikuwa linalala chini ya mti huo miaka kumi na zaidi. Kila mvua, maji yalishuka ndani chini ya zulia, yakakaa sakafuni, yakaingia kwenye reli. Ongeza hewa ya chumvi ya huku kwetu. Kwa hiyo kutu ilikula ikitokea ndani, na kupaka dawa nje hakungesaidia kitu.

Sasa, kabla ya kukata, funga bodi. Nikiwa bado najifunza kwa ami yangu, nilikata sili ya gari la mteja bila kulifunga. Bodi ililegea kidogo tu, milimita chache, na mlango haukurudi kwenye komeo lake tena. Ami alilipa yeye. Tangu siku hiyo sikati chochote kabla ya kufanya haya: gari liwe sawasawa kwa pima maji, stendi zikae chini ya sehemu za saspensheni ili uzito ubaki unapokaa siku zote, kisha mabomba ya mraba ya milimita 25 yachomelewe ndani ya tundu la mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na jingine livuke kwenda upande wa pili. Pima nafasi kati ya mlango na bodi, uiandike kwenye utepe wa karatasi papo hapo. Yetu ilikuwa milimita 5. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uguse wa pili.

Toa tangi la petroli lote, si kulimwaga tu, na uzifuate bomba zake zinapopita. Fungua betri. Kwangua ile lami ya sakafuni ndani, kwani inashika moto huku wewe uko chini na kofia ya kuchomelea usoni, huoni. Mimi humweka kijana ndani ya gari na ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto, na hatuondoki uani mpaka saa nzima ipite baada ya cheche ya mwisho.

Kata hadi ufike kwenye chuma kizima. Saga mpaka king'ae. Kikibaki na vidoa vyeusi, songa mbele zaidi. Nilidhani nitakata sentimita 20 za reli, nikaishia 65. Tengeneza kiolezo cha katoni kwanza, ukijaribishe, ndipo ukate chuma. Sakafu nilitumia bati jeusi la milimita 1.2, reli milimita 1.6. Bati la kuezekea liache huko huko kwenye paa: ni jembamba, na zinki yake ikiungua inatoa moshi mweupe unaokuletea homa na kutetemeka usiku. Imenipata.

Kuchomelea kwa fimbo za kawaida kunatoboa bati jembamba kama hili. Tumia MIG, mashine ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe, waya wa milimita 0.6, gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi. Pale kiwanda kilipobana mabati mawili pamoja, toboa matundu ya milimita 8 kwenye bati la juu, paka praima ya zinki (rangi ya msingi) katikati ya mabati, kisha uyajaze matundu kwa kuyachomelea. Kwingine shikiza kwa nukta, ruka kutoka kona hadi kona, acha ipoe yenyewe. Ukipitisha mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, bati linajikunja, na kulinyoosha ni kazi ya siku mbili.

Dawa ya kugeuza kutu, ile ya asidi ya fosforasi, ni ya kutu ya juu juu tu. Haijengi chuma kilichokwisha. Ukishasaga, paka praima, ziba viungo kwa silanti, halafu pulizia nta ndani ya reli na sili kwa bomba jembamba mpaka uione inachuruzika upande wa pili. Matundu ya chini usiyazibe. Huko ndiko maji yanakotokea. Wengi humwaga oili chafu ya injini. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu inaharibu mpira wa saspensheni na kudondoka kila gari linaposimama.

Wiki ya kumi na moja tulikata mabomba ya kufungia. Nikapima pale pale kwenye utepe: milimita 5. Mzee akaufunga mlango kwa vidole viwili, akaufungua, akaufunga tena. Rangi tulianza Jumatatu iliyofuata.

Siku ya kumkabidhi nilimwonyesha jambo moja, na nakuonyesha na wewe. Mwaga jagi la maji kwenye wavu wa mbele ya kioo, kisha uiname. Maji yatoke chini pande zote mbili, kulia na kushoto, kwa mkondo. Yakidondoka kwa matone, au yakitoka upande mmoja, fungua wavu siku hiyo hiyo utoe majani.