Jinsi ya kuisikiliza Satori mpaka mwisho bila kuizima njiani

Kama ulishajaribu kuisikiliza Satori, albamu ya Flower Travellin' Band, ukaishia dakika ya pili, hauko peke yako. Mimi mara ya kwanza niliiweka kwenye spika ya simu huku napika, ule ukelele wa mwanzo wa Joe Yamanaka ukatoka kama filimbi iliyopasuka, jirani akaja kugonga mlango kuuliza kama nimeungua mafuta. Nikazima nikaweka vitu vyangu vya kawaida. Imepita miezi ndo nikairudia, usiku, hedfoni masikioni, sina cha kufanya, na siku hiyo nikagundua albamu haina shida yoyote, shida ilikuwa mimi nilivyoikalia.

Kwanza ujue unasikiliza nini. Hii ni rock ya Japani ya mwaka 1971, ile ya kuzungusha akili, watu wanne tu: Yamanaka anaimba, Hideki Ishima gita, Jun Kozuki besi, Joji Wada dramu. Nyuma yao kuna prodyuza anaitwa Yuya Uchida, mzee wa mjini haswa, alikuwemo kwenye wasanii waliotangulia jukwaani Beatles walipopiga ukumbi wa Budokan, Tokyo, 1966, halafu mwaka uliofuata akaenda Ulaya akamwona mpiga gita Jimi Hendrix na bendi ya Cream, akarudi kwao anataka bendi ya Kijapani yenye uzito ule ule. Mwaka 1970 vijana wakatoa albamu ya Anywhere, ambayo karibu yote ni nyimbo za bendi na wasanii wengine, za Black Sabbath zimo, za King Crimson zimo. Satori ndo wakaacha kuazima. Kwa hiyo ukisikia gita zito la Kizungu limefungwa na melodi ya mashariki usishangae, ndo mradi wenyewe.

Sasa maandalizi. Spika ya simu sahau kabisa, besi ya Kozuki haitoki humo na bila besi unabaki na makelele matupu. Hedfoni za kawaida zinatosha, si lazima ziwe za bei. Pakua albamu nzima kabla, maana bando likikata katikati ya sehemu ya 3 utalia. Zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo, na hapa sitanii, kwa sababu humu hamna nyimbo zenye majina, ni Satori sehemu ya 1 mpaka ya 5, jumla dakika kama 42, na zinapanda na kushuka kama safari moja. Ukianzia ya 4 ukarudi ya 1 ni sawa na mtu anayeingia kwenye harusi wakati sahani zinakusanywa halafu anauliza bibi harusi yuko wapi.

Halafu kuna hili la sauti, ambalo mimi liliniponza. Sehemu ya 1 inaanza kimya kimya, unaweza kudhani simu haijacheza, mkono unakuvuta uongeze. Usiongeze! Sekunde chache mbele Yamanaka anapiga ukunga wa nguvu zote na gita linaanguka kama bati la nyumba, na kama umeshapandisha mpaka mwisho masikio utayaokota sakafuni. Iweke katikati, subiri, bendi ikishaingia yote ndo upandishe taratibu.

Kosa kubwa la wengi ni kusubiri kiitikio. Hakipo, yani kipo kwa mbali, ila ukikaa unakisubiri utachoka bure. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza na ni machache mno, unaweza kuyaandika nyuma ya risiti, na sauti ya Yamanaka humu inafanya kazi kama ala nyingine tu, so achana na kutafuta mashairi kwenye intaneti huku unasikiliza. Wewe unayejua muziki wa dansi una faida hapa: sikiliza kama unavyosikiliza wimbo ukishafika kwenye sebene, pale mwimbaji ameshamaliza habari zake na wewe unafuata gita la solo linavyozunguka, linarudi pale pale lakini kila likirudi limebadilika kidogo. Ukiwa na sikio hilo umeshamaliza nusu ya kazi.

Mimi ningekushauri ushike kitu kimoja kila sehemu. Kwenye ya 1 shika kile kipande kizito cha gita kinachojirudia, basi. Ya 2 shika dramu, Wada anapiga zile ngoma nene kwa mzunguko mmoja kama watu wanaosindikiza mwali, na juu yake gita la Ishima linalialia kihindi hindi hivi (huyu jamaa miaka mingi baadaye alikuja kubuni kabisa chombo chake, gita la umeme lililochanganywa na sitar, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, kwa hiyo ladha hiyo haikuwa ya kubahatisha). Hii ndo sehemu rahisi kuliko zote, na kama ya 1 imekushinda kabisa nakuruhusu uionje hii peke yake kwanza halafu urudi mwanzo.

Ya 3 ndo mtihani. Karibu dakika 11, hakuna kuimba, na inaanza polepole mno mpaka unaanza kuwaza umefunga geti au hujafunga. Vumilia. Fuata ile melodi ya gita, iimbe kichwani kabisa ikiwezekana, kwa sababu baadaye mwendo unabadilika, wanaibeba melodi na kuikimbiza, na kama hukuishika mwanzoni hutajua nini kimekimbizwa. Mtu aliyezoea taarab zile ndefu, za vinanda kuongea robo saa kabla mwimbaji hajafungua mdomo, hatapata taabu. Mimi hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote sasa hivi, na ndo hiyo hiyo niliyoirusha mara ya pili nilipojaribu.

Ikiisha hiyo simamisha, kunywa maji, nyoosha mgongo. Sio kudeka, kwenye sahani ya santuri hapo ndo palikuwa mahali pa kugeuza upande, kwa hiyo mapumziko yako ndani ya mpango.

Ya 4 ni bluzi iliyovaa nguo nyingine, kinanda cha mdomo kinasikika wazi, na baada ya kuzunguka angani unashukuru kukanyaga ardhi. Wengine wanaiona ya kawaida kuliko wenzake, siwapingi sana. Ya 5 sina maelezo mengi, Yamanaka anaomboleza bila maneno, bendi inamfuata, we acha tu.

Kuhusu jina, satori ni neno la Kibudha cha Zen, ile hali ya mtu kufunguka akili ghafla akaona mambo yalivyo. Huhitaji kuwa Mbudha wala kuvuta kitu chochote, na mtu asikudanganye kwamba bila moshi haieleweki. Mimi nilikuwa na chai ya tangawizi.

Usitoe hukumu siku ya kwanza. Rudia baada ya siku mbili tatu, safari hii fuata besi toka mwanzo mpaka mwisho usijali gita linafanya nini, utasikia albamu nyingine kabisa.

Ikishakukaa, pa kwenda baadaye panategemea umenasa wapi. Kama ni kwenye ya 4, rudi nyuma kwenye Anywhere, kuna Louisiana Blues humo wameivuta karibu dakika 16. Kama ni sauti ya Yamanaka iliyokushika, tafuta Made in Japan ya 1972, hiyo waliitoa baada ya kuhamia Kanada, maana kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, ya 1970 walikutana na bendi ya huko iitwayo Lighthouse, na Paul Hoffert wa bendi hiyo ndo akawasimamia studio. Ni laini zaidi, mimi naiona imepoteza makali ila wapo wanaoipenda. Na kama ni ile ya 3 ndo imekuchukua, ruka miaka yote mpaka 2000 uchukue albamu ya Flood ya bendi ya Boris, Wajapani pia, dakika kama 70, wimbo mmoja umekatwa vipande vinne. Ila hiyo pakua ukiwa na siku nzima.