Puti ya kuziba mianya kwenye modeli ndogo
Wadau mnaounga modeli za ndege na magari, mwanya mwembamba kama unywele puti ya tyubu inatosha, ila ukiwa mpana usiijaze kwa mkupuo mmoja maana ikikauka inasinyaa na ule mstari unarudi palepale, hapo tafuta puti ya epoksi ya vijiti viwili vya kuchanganya kama Milliput, kata vipande sawasawa toka kila kijiti, kanda mpaka rangi iwe moja kabisa, lowesha kidole maji ulainishe. Green Stuff, nayo ni puti ya epoksi, nzuri sana kwa manyoya na mikunjo ya nguo za visanamu, lakini msasa haiupendi, inavutika kama mpira. Na huku Mbeya Juni Julai baridi inachelewesha epoksi kukaza jamani, mi naiacha mpaka kesho yake ndo napiga msasa.