Umeumia kazini, kisha umefukuzwa: anza na tarehe

Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu wa hapa hapa Dodoma, wote na swali moja: nimeumia kazini, kisha nimefukuzwa, nifanye nini? Jibu naliandika mara moja, atakayeuliza nimtumie hapa. Mimi si wakili. Ni fundi mitambo niliyekatwa kidole na mashine ya kukamua alizeti, nikafukuzwa bandeji ikiwa bado mkononi. Haya ni ya Tanzania Bara.

Kabla ya yote elewa kwamba una milango miwili. Fidia ya kuumia iko kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Suala la kufukuzwa liko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kugonga mlango mmoja hakuufungi wa pili, na wala hakuufanyi ukusubiri.

1. Tibiwa. Tunza kila karatasi.

2. Hakikisha taarifa ya ajali imefika WCF. Mwajiri anatakiwa kuitoa ndani ya siku 7 tangu aijue. Akikaa kimya, nenda mwenyewe. Madai yana miezi 12 tangu ajali.

3. Usisaini karatasi inayosema umeacha kazi kwa hiari yako, hata kama imeambatana na bahasha.

4. Fungua mgogoro CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nafuatilia fidia, kila Jumatatu niko hospitali kusafishwa kidonda, na bosi ananiambia kwenye simu, "Subiri upone kwanza, tutaongea." Nikasubiri. Nilipofika CMA ilikuwa siku ya 47. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda, na unatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa: kila siku, siyo kwa jumla jumla. Zangu zilikuwa 17. Tarehe za kadi ya kliniki zilifunika 12. Siku 5 sikuwa na kitu cha kuonyesha, ni ahadi za simu tu. Maombi yakatupwa. Kidole nililipwa na WCF, lakini suala la kufukuzwa kwangu hakuna aliyewahi kulisikiliza. Kwa hiyo: "tutaongea" ya bosi haisimamishi siku. Kulazwa hospitali peke yake hakuzisimamishi. Barua ya kukata rufaa kwa meneja usiitegemee. Ukipata barua ya kuachishwa leo, hesabu leo, uiandike tarehe ya mwisho ukutani.

5. Jaza Fomu Na. 1 ya CMA. Usiiache Sehemu B, ndiyo ya walioachishwa kazi. Andika madai yako yote humo, maana usilolidai kwenye fomu utapata shida kulidai mbele. Mpe mwajiri nakala, asaini au agonge mhuri. Akikataa, itume kwa rejista ya posta na utunze risiti. Bila uthibitisho kwamba ameipata utarudishwa.

6. Siku ya usuluhishi, fika. Usipofika shauri linaweza kufutwa. Mkishindwa kuelewana mnakwenda kwa mwamuzi.

MASWALI

Kijana wa Nkuhungu: Mkuu mimi nilifukuzwa mwezi wa tatu, naweza kudai au ndo basi?

Mwandishi: Hatua ya 4. Isome.

Kijana wa Nkuhungu: Nimesoma juu juu, nijibu tu kwa kifupi.

Mwandishi: Kwa kifupi umechelewa. Peleka maombi ya kuongezewa muda leo, na kila siku iwe na karatasi yake. Mimi kuchelewa kulinigharimu shauri.

Mzee Kizota: Mnachochea watu. Mwajiri kalipa hospitali, mnataka nini tena?

Mwandishi: Mzee wangu, hospitali ni ya jeraha. Kazi ni jambo jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Na kanuni za 2007 zinasema aliyeumia kazini kwake atafutiwe kazi nyepesi kwa juhudi kubwa zaidi kabla ya kuachishwa. Hilo si uchochezi.

Mama Vai: Mwanangu ni kibarua wa ujenzi Mtumba, alianguka kwenye jukwaa. Ana mwaka na miezi miwili hapo, mkataba hana. Wanasema hawamjui. Nimeogopa hata kuuliza.

Mwandishi: Mama, umefanya vyema kuuliza. Kukosa karatasi si kukosa ajira. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa hata kwa kigezo kimoja tu: anapangiwa kazi na saa zake, au vifaa ni vya mwajiri, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 ya mwisho. Kijana wa jukwaani hizo anazimaliza wiki ya kwanza. Kusanya miamala ya malipo kwenye simu, picha akiwa na kofia ya saiti, na wenzake wawili wa kusema walimwona. Na ajue pia kwamba akiwa hawezi kazi kwa muda, WCF hulipa asilimia 70 ya kipato kwa hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Dada Makole: Naongezea. Soma kadi ya hospitali kabla hujaondoka dirishani. Kaka yangu alipelekwa na supavaiza, na supavaiza ndiye aliyetoa maelezo mapokezi. Kadi ikaandikwa "ameumia nyumbani". Kuibadilisha ilikuwa kazi ya wiki nzima.

Mwandishi: Hili nilipaswa kuliweka hatua ya 1. Asante sana dada.

Dada Makole: Na aliyeachishwa adai hati ya utumishi, yaani karatasi ya kuonyesha alifanya kazi hapo, hata kama wamegombana. Ni haki yake.

Fundi Chang'ombe: Wakili lazima?

Mwandishi: Hapana. Unaweza kusimama mwenyewe, au na mtu wa chama chako cha wafanyakazi.

Mama Vai: Nimeongea naye. Walimfukuza tarehe 4. Leo ni 19.

Mwandishi: Zimebaki siku 15, mama. Kesho saa tatu asubuhi niko Sabasaba. Mje na simu yake na kadi ya hospitali, tutajaza fomu pamoja.