Makato usiyoyatambua kwenye PayPal: kipi kianze, kipi kisubiri

Mwongozo huu ni wa mwenye akaunti ya PayPal iliyounganishwa na kadi ya benki, kama walivyo Wakenya wengi wanaolipwa kwa kazi za mtandaoni na kutoa pesa zao kwa M-PESA. Mtu akiona makato asiyoyajua, cha kwanza hupiga simu benki na kusema "nirudishieni". Kwa makato yaliyopitia PayPal, huko ndiko kesi nyingi zinakoharibikia. Mpangilio wa hatua una maana yake, na hatua ya 5 isome yote kabla hujabonyeza chochote.

Hatua ya 1: Hakikisha pesa zimetoka kweli

Usifuate kiungo kilicho ndani ya barua pepe. Andika paypal.com mwenyewe kwenye kivinjari, ingia, ufungue "Activity", yaani orodha ya miamala yako.

Ukikuta hakuna pesa iliyotoka, ila kuna ankara au ombi la malipo, hujaibiwa bado. Matapeli hufungua akaunti za PayPal na kutuma ankara kupitia mfumo wenyewe, kwa hiyo barua inatoka service@paypal.com kabisa na vichujio vya taka vinaiachia ipite. Kwenye maelezo wanaandika kwamba umeshakatwa mamia ya dola, na kwamba ukitaka kughairi upige nambari fulani. Wizi unaanzia kwenye simu hiyo. Usipige, usilipe; ghairi ankara ndani ya akaunti yako na uisambaze barua kwa phishing@paypal.com.

Ukiona kwenye taarifa ya benki dola 1.95 au thamani yake kwa shilingi, pamoja na tarakimu nne, huo ni msimbo wa kuthibitisha kadi. Kama umetoka kuunganisha kadi, ni kawaida na pesa hizo hurudishwa. Kama hujaunganisha chochote, kuna mtu anajaribu kuiweka kadi yako kwenye akaunti yake. Msimbo huo unaonekana kwenye taarifa yako tu, hivyo atakayekupigia akiuomba, hata akijitambulisha kuwa wa benki, ndiye mwizi. Nenda hatua ya 6 sasa hivi.

Hali ya tatu huchanganya wengi: benki inaonyesha PAYPAL * na jina la muuzaji, lakini "Activity" yako haina muamala huo. Kwanza jiulize kama unayo akaunti nyingine ya zamani kwa barua pepe nyingine, au kama kuna mtu nyumbani aliyewekewa kadi hiyo. Kama hakuna, nambari ya kadi yako imeibwa na iko kwenye akaunti ya mtu mwingine. Akaunti yako ya PayPal haihusiki, na hakuna kesi utakayofungua humo. Hili nalo ni la hatua ya 6.

Kama muamala upo kwenye "Activity", ubonyeze usome jina kamili la muuzaji, barua pepe yake na anwani ya bidhaa. Kampuni nyingi hupokea pesa kwa jina la usajili ambalo halifanani na jina la tovuti, na makato mengi yanayodhaniwa kuwa wizi ni usajili wa programu uliosahaulika. Anwani ya kupelekewa mzigo ikiwa ya mji usioujua, hapo una ushahidi mzuri. Piga picha ya skrini.

Hatua ya 2: Funga mlango, kuanzia barua pepe

Barua pepe kwanza, PayPal baadaye. Ukibadilisha nywila ya PayPal huku mwizi yumo ndani ya barua pepe yako, ataomba nywila mpya na kuingia tena.

Kwenye Gmail usiishie kwenye nywila. Fungua mipangilio uangalie vichujio na usambazaji wa barua. Mwizi mwenye uzoefu huweka kichujio kinachopeleka kila barua yenye neno PayPal kwenye takataka, ndiyo maana hukuona risiti. Kifute, kisha pekua takataka. Dalili nyingine ni mamia ya barua za "asante kwa kujisajili" kumiminika kwa saa moja kutoka tovuti usizozijua. Kazi yake ni kuificha risiti moja katikati, kwa hiyo tafuta risiti hiyo kabla ya kuanza kufuta.

Kisha PayPal: nywila mpya isiyotumika kwingine, maswali ya usalama mapya, na uzime ruhusa ya kubaki umeingia kwa ununuzi wa haraka. Angalia pia kama kuna barua pepe, nambari ya simu au anwani iliyoongezwa ambayo si yako. Ipige picha kabla ya kuiondoa.

Kadi yenyewe unaweza kuizuia kwa muda kupitia programu ya benki yako wakati wowote, hasa makato yakiwa bado yanaendelea. Kuzuia kadi ni jambo moja, kupinga muamala benki ni jambo jingine. La kwanza halina madhara kwa kesi yako. La pili linayo.

Hatua ya 3: Andika nambari

Kila muamala wa PayPal una nambari ya herufi na tarakimu 17. Iandike pamoja na kiasi, sarafu na tarehe. Ukimwandikia muuzaji, mpe pia nambari ya ankara, kwa sababu nambari ya muamala anayoiona yeye si ile unayoiona wewe. Tarehe za benki nazo huweza kupishana na za PayPal kwa siku moja au zaidi. Linganisha kiasi kwanza.

Hatua ya 4: Kata makubaliano ya kukatwa yenyewe

Ingia mipangilio, "Payments", kisha "Automatic payments". Utaona orodha ya kila muuzaji aliye na ruhusa ya kukukata bila kukuuliza. Mbonyeze usiyemtaka na umghairi. Fanya hivyo kabla ya siku ya makato yanayofuata. Siku yenyewe ikifika umechelewa kwa awamu hiyo.

Watu hudhani kadi mpya inamaliza habari. Haimalizi. Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara nambari mpya ya kadi pale benki inapoibadilisha, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Benki iliyojiunga nayo ikikupa kadi mpya, makubaliano ya zamani yanaweza kuifuata. Kinachokata mzizi ni kughairi kwenye orodha hii.

Hatua ya 5: Fungua kesi, kwa sababu iliyo sahihi

Nenda "Resolution Center", sehemu ya PayPal ya kutatua malalamiko, bonyeza "Report a problem", chagua muamala. Utaulizwa tatizo ni nini, na hapa ndipo pesa zinapopotea. Jibu lako linaamua kesi itachunguzwa kwa kanuni zipi, na anayechunguza hatakuhamishia kwenye kanuni nyingine kwa kukuonea huruma.

Muamala ambao hukuufanya wala hukumruhusu mtu ni "unauthorized activity". Neno hilo lichague kwa hali hiyo peke yake. PayPal inaona kifaa kilichotumika, mtandao kilikotokea na anwani ya mzigo. Kama ununuzi ulifanyika kwa simu yako ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwako, rekodi itaonyesha hivyo, kwa hiyo waulize watoto na mwenzako kwanza. Kama miamala ni kadhaa, hakikisha kila mmoja umetajwa. Usidhani kuripoti mmoja kumebeba mingine.

Ulijiunga na majaribio ya bure, yakaisha, ukaanza kukatwa? Hiyo si "unauthorized", hata kama unajiona umetapeliwa. Ipo rekodi ya siku uliyokubali, na kesi itakataliwa kwa rekodi hiyo. Chagua tatizo la malipo au la usajili, ueleze ulighairi lini, na uambatishe barua ya kughairi.

Ulilipia kitu hakikufika, au kimefika tofauti? Huo ni mzozo wa ununuzi. Unazo siku 180 tangu kulipa kuufungua. Ukishaufungua, siku 20 zinaanza kuhesabiwa: ndani yake ni lazima uupandishe kuwa dai ili PayPal wenyewe waamue. Muuzaji tapeli anaijua hesabu hii. Atakujibu kwa upole, atakuomba uvumilie, mzigo uko bandarini, hadi siku ya 21. Mzozo usiopandishwa hujifunga na haufunguliwi tena. Weka kengele kwenye simu siku ya 15 na uupandishe, hata kama anaongea vizuri.

Ulituma pesa mwenyewe baada ya kudanganywa, tena kwa njia ya rafiki na jamaa ("Friends and Family")? Hapa ulinzi wa mnunuzi haupo. Kilichobaki ni kuangalia hali ya muamala: ukiona "Unclaimed", mpokeaji hajazichukua, na kitufe cha kughairi kipo. Kibonyeze sasa. Muuzaji yeyote anayesisitiza njia hiyo ili "kuokoa ada" usimlipe.

Sasa suala la benki. Ukifungua kesi PayPal, kisha ukaenda benki kupinga muamala huohuo, PayPal huifunga kesi yake na kuiachia benki uamuzi. Kwa muamala ulio kwenye "Activity", ushauri wangu ni PayPal kwanza, kwa sababu ndiyo yenye kumbukumbu za kifaa na za kuingia. Benki inachokiona ni jina PAYPAL na kiasi. Benki iwe rufaa yako. PayPal wakikataa, unaenda benki na barua yao mkononi. Ila usilale: siku za benki zinahesabika wakati huohuo.

Kesi ikishafunguliwa, akaunti inaweza kuwekewa vizuizi na usiweze kutoa pesa kwa M-PESA kwa muda. Kama unatarajia malipo ya mteja wiki hiyo, mwombe asubiri au akulipe kwa njia nyingine. Sishauri kukimbilia kutoa salio lote kabla ya kuripoti. Utoaji wa ghafla baada ya miamala ya ajabu unafanana na kazi ya mwizi mwenyewe. Wala usifunge akaunti kwa hasira, maana ikifungwa historia ya miamala inakwenda nayo.

Wakiomba vielelezo, tuma kitambulisho na taarifa ya benki zinazosomeka, pembe zote nne zikionekana, jina likiwa lilelile la akaunti. Maelezo yawe mafupi: nambari ya muamala, tarehe, kiasi, na kwamba hukuuidhinisha. Uamuzi kwa kawaida huja ndani ya siku 10 hivi, kwa barua pepe na ndani ya "Resolution Center".

Hatua ya 6: Benki

Omba fomu ya kupinga muamala wa kadi. Kwa muamala wa udanganyifu, kanuni za Visa na Mastercard hutoa siku 120, lakini benki yako inaweza kutaka fomu mapema zaidi, kwa hiyo uliza tarehe yao ya mwisho na uifuate hiyo. Muamala ambao bado unasubiri haupingiki. Ngoja uingie rasmi kwenye taarifa, siku chache tu. Kama kadi yako imewekwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, ifungwe moja kwa moja na utolewe mpya. Ondoka na nambari ya kumbukumbu iliyoandikwa. Ahadi ya mdomo ya "tutakupigia" haitakusaidia ukilazimika kupeleka lalamiko Benki Kuu.

Hatua ya 7: Polisi

Kenya chukua nambari ya OB, Tanzania chukua RB. Baadhi ya benki huidai kabla ya kupokea fomu. Makosa haya yako chini ya sheria za uhalifu wa mtandao, ya Kenya ya mwaka 2018 na ya Tanzania ya mwaka 2015.

Hatua ya 8: Pesa zikiwa njiani

Zilizotoka kwenye salio hurudi kwenye salio. Zilizotoka kwenye kadi hurudi kwenye kadi, na zinaweza kuchukua hadi siku 30 kuonekana. Kwa kuwa zinabadilishwa tena kutoka dola, shilingi zinaweza kupungua au kuongezeka kidogo. Kama ulitumia kadi pepe ya Visa ya M-PESA au ya benki, usiifute kabla pesa hazijatua.

Wakati unasubiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya kutoa misimbo, si kwa SMS. Mwizi akifanikiwa kubadilishiwa laini yako, SMS zote ni zake. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha badilisha kadi iliyounganishwa: usiweke ile inayoingiza mshahara. Fungua akaunti ndogo ya pembeni, uweke humo kiasi unachokaribia kutumia na si zaidi.

Siku 30 zikipita bila kitu, waombe PayPal nambari ya ARN, yaani nambari ya kufuatilia marejesho ya kadi. Ina tarakimu 23. Wapelekee benki, kitengo cha kadi, si dirishani, na uwaombe waifuatilie kwa nambari hiyo. Bila ARN watatafuta kwa jina na tarehe, na aghalabu watakujibu kwamba hakuna kilichoingia.