Upasuaji wa shingo Ufaransa: usitoe avansi kabla ya siku 15

Dada zangu wa Bukavu na Goma mlioko Ufaransa, wengi mnaniuliza juu ya upasuaji wa kukaza shingo, na swali lenu la kwanza ni bei. Mimi naanza na avansi, pesa ya kutanguliza, maana hapo ndipo kliniki moja iliponibana.

Kwetu mnajua inavyokwenda: mgonjwa hajaguswa, tayari wanauliza nani analipa. Tumekua hivyo. Kwa hiyo sekretari akikupigia na sauti tamu, "tuma avansi tukushikie tarehe", unaona ni kawaida. Kwa upasuaji wa urembo hapa si kawaida, sheria inakataza. Kati ya kukabidhiwa devi, yaani karatasi ya bei ya upasuaji, yenye sahihi ya daktari na siku ya kupasuliwa, lazima zipite siku 15 kamili. Katika siku hizo hawaruhusiwi kukudai chochote wala kukufunga kwa ahadi, isipokuwa malipo ya kuonana na daktari. Hata ukiomba mwenyewe zipunguzwe, hazipunguzwi.

Avansi yangu waliichukua wiki ileile ya devi. Baadaye daktari akatazama masikio yangu, akaona matundu ya hereni yameota keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, akakataa kunipasua. Namheshimu kwa hilo. Lakini ofisi ikasema avansi hairudi. Narudia kwa wale wanaosoma haraka: siku 15, hakuna pesa. Wakisema nafasi itachukuliwa na mwingine, iache ichukuliwe.

Keloidi ni jambo letu sisi wenye ngozi nyeusi. Kisu hupita chini ya kidevu na kuzunguka nyuma ya masikio, na masikio ndipo keloidi hupenda kuota. Onyesha kila kovu ulilonalo, la hereni, la kuzaa kwa kisu, la chanjo, kabla devi haijaandikwa.

Halafu shingo iliyojaa si mafuta kila mara. Sisi tuliolelewa kando ya Ziwa Kivu tumewaona watu wenye rovu, uvimbe wa tezi ya shingo; Idjwi inajulikana kwa ugonjwa huo tangu zamani. Omba daktari wako wa kawaida apime tezi hiyo kwanza. Na kama unazipenda pingili za shingo yako, zile ambazo bibi zetu walizisifu, mwambie daktari wazi. Wengi wao hapa huona mikunjo ya kuondolewa tu. Nchi hii inamwogopesha mwanamke kuzeeka, na mimi nasikitika nikiona binti zetu wanaingia woga huo wakiwa bado wabichi.

Mengine kwa kifupi. Tafuta jina la daktari katika orodha ya Ordre des médecins, chama rasmi cha madaktari, haina malipo. Awe mpasuaji wa plastiki, maana anayejiita daktari wa estetiki (urembo) tu si lazima awe mpasuaji. Bima ya serikali hailipi urembo, na siku za kukaa nyumbani bila kazi hailipi pia. Hakikisha devi ina kodi ya asilimia 20 ndani. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla, kwa kuwa inaweza kuifanya ngozi iliyokatwa ife. Taja aspirini na dawa zote za majani unazotumiwa kutoka nyumbani; kuna zinazozidisha kutoka damu.

Mama wadogo, nawapenda, lakini acheni kututumia picha za kliniki za Istanbul, Uturuki, na bei zenye "hoteli imo ndani". Damu ikijikusanya shingoni, mara nyingi katika saa 24 za kwanza, mtu hurudishwa chumba cha upasuaji haraka. Ukisharudi nyumbani na kidonda kikachafuka, aliyekukata yuko nchi nyingine. Hata hapahapa, panga mapema nani atalala kwako usiku wa kwanza. Huku jirani habishi hodi kuuliza umeamkaje, na hilo silizoei.

Kama wameshakula avansi yako, usibishane kwa simu. Wafaransa hutii karatasi. Andika barua ya rekomandé, ile inayosajiliwa posta, yenye risiti ya kupokelewa, weka tarehe ya devi na tarehe ya malipo zikae pamoja, taja zile siku 15, kisha peleka malalamiko SignalConso, tovuti ya serikali ya malalamiko ya wateja. Mimi barua ilipofika, pesa ilirudi bila neno lolote la pole. Tunzeni ujumbe wa WhatsApp wa sekretari. Wangu ndio uliokuwa ushahidi.