Kioo cha pembeni cha gari kinachocheza: kikaze bila gundi

Kabla ya kugusa spana, jua kinachocheza ni nini. Kioo kikicheza peke yake ndani ya kava, vibanio vya plastiki vya nyuma yake vimevunjika. Kava yote ikiyumba pale inapokunjika, springi ya kiungo imechoka. Lakini kitako kilichoshika mlangoni kikisogea, basi ni bolti za ndani. Hizo ndizo ninazoandikia, kwa sababu Toyota Probox nyingi ninazoletewa hapa Malindi zina ugonjwa huo, hasa zile zilizopigwa bega na tuktuki karibu na soko.

Gundi usinunue. Supagluu haishiki plastiki yenye vumbi na mafuta, na atakayefungua baada yako atakulaani.

Hatua ya 1. Ndani ya mlango, pembe ya mbele, ng'oa kifuniko cha pembetatu. Tazama kwanza kama kuna skrubu chini ya kikofia kidogo. Tumia kipande cha plastiki. Bisibisi huvunja klipu.

Hatua ya 2. Chomoa waya kama kioo ni cha umeme, kisha sokomeza tambara kwenye tundu la mlango. Nati ikitumbukia humo, utavua kava nzima ya mlango kuitafuta.

Hatua ya 3. Utaona bolti au nati tatu; Toyota nyingi hutumia spana namba 10. Zikiwa zimelegea tu, kaza kwa zamu, kidogo kidogo, rudisha waya na kifuniko, nenda zako.

Hatua ya 4: moja ikigoma. Hapa ndipo alasiri nzima hupotea. Bolti ni ya chuma, kitako mara nyingi ni aluminiamu, na hewa yetu ya bahari ina chumvi. Vitatu hivi vikikutana, aluminiamu hugeuka unga mweupe, unga unavimba na kuing'ang'ania bolti. Ukiona weupe huo usiupanguse ukaendelea kama kawaida. Bolti yenye unene wa milimita 6 ukiilazimisha hukatika kama muhogo, na kipande kinabaki ndani.

Puliza WD-40 (mafuta ya kopo ya kulegeza bolti) jioni, rudia kabla ya kulala, fungua asubuhi. Mafuta ya breki usiyatumie hata ukiambiwa yanalainisha. Yanababua rangi ya gari. Asubuhi anza kwa *kukaza*, kiasi cha kuisikia ikilia, ndipo urudishe nyuma. Robo mzunguko mbele, nusu mzunguko nyuma, puliza tena. Ikikaza katikati ya njia usishindane nayo, irudishe ndani kidogo kisha uitoe tena.

Soketi iwe ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili huviringisha kichwa, na ukishafika hapo hata jirani yako fundi atakusikitikia tu. Ukihitaji joto, weka ncha ya soldaringi juu ya kichwa cha bolti mpaka ipate moto. Moto wa gesi usiulete karibu na plastiki na waya, ingawa kuna vijana gereji wanaoupenda mno.

Ikitoka na nyuzi za tundu la kitako (ile mifereji inayoshika bolti) zimeliwa, una njia mbili. Moja ni kupanua tundu na kukata nyuzi za milimita 8 (drili ya 6.8), lakini hapo tundu la bolti mlangoni nalo lipanuliwe, lipakwe rangi lisishike kutu, na kitako kiwe na unene wa kutosha. Mimi nachagua njia ya pili, koili ya nyuzi, yaani springi ndogo ya chuma inayokuwa nyuzi mpya: unatoboa 6.3, unakata nyuzi kwa tepu yake maalumu (chuma cha kukatia nyuzi), unaingiza koili, na bolti yako ya 6 inarudi vilevile. Ni ghali kidogo, ila mlango hauguswi.

Hatua ya 5. Kabla ya kurudisha, paka grisi kwenye nyuzi. Nzuri ni ile ya mashine za boti, kwa kuwa haisombwi na maji upesi. Waulize wanaotengeneza mashine za wavuvi. Sponji ya kitako ikiwa imechanika weka mpya, la sivyo maji ya mvua yataingia mlangoni na upepo utapiga mluzi.

Jaribu kwa kwenda mpaka Gede na kurudi. Bolti zikilegea tena baada ya wiki, badilisha washa za springi, zile pete zinazokaa chini ya bolti.